Siku Moja Singapore na Begi Mgongoni: Wanyama Asubuhi, Vibanda vya Chakula Hadi Usiku

Mtu aliyekulia Morogoro au Nanyuki akiambiwa alipe kiingilio huko Asia ili akaone wanyama, atauliza swali la haki kabisa: niache simba wa nyumbani nikaangalie simba wa Singapore? Mimi pia niliuliza. Nilienda, na niliporudi nilikuwa na jibu: siku hiyo ina thamani ukiipanga kwa namna yako mwenyewe. Kwenye bustani ya wanyama, wapite wale unaowajua na uwatafute wageni. Kwenye chakula fanya kinyume. Anza na sahani iliyo ndugu wa sahani ya kwenu, ulimi upate pa kushika, ndipo usogee taratibu kwa usichokijua. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Kabla ya kupanda ndege

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda huingia Singapore kwa matembezi mafupi bila viza, lakini angalia tovuti ya uhamiaji ya huko (ICA) kabla ya kununua tiketi, kwa sababu orodha za nchi hubadilika. Kila mgeni hujaza fomu ya kuwasili ya mtandaoni, iitwayo SG Arrival Card, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Ukikuta tovuti inakutoza pesa kwa fomu hiyo, umepotea njia, toka haraka.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi, isiwe kwenye mzigo. Wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo huulizwa, na chanjo huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Bazoka na ubani wa kutafuna wowote uache nyumbani, na sigara za umeme usithubutu kuzibeba. Mambo haya Singapore hayana mzaha.

Tafuta hosteli Little India au Kampong Glam. Vitanda vya chumba cha pamoja hupatikana huko, vituo vya treni viko karibu, na chakula cha Kihindi na cha Kimalei kipo mlangoni. Kwa msafiri Mwislamu ndiyo mitaa rahisi kuliko yote mjini. Tiketi ya bustani ya wanyama nunua mtandaoni siku moja au mbili kabla, uchague tarehe. Tenga dola 50 za Singapore hivi kwa mtu mzima. Dola moja ya huko ni karibu shilingi 100 za Kenya, kwa hiyo hili ndilo pigo kubwa la siku nzima. Vingine vyote ni vya bei nafuu.

Kwa nauli huhitaji tiketi ya karatasi. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya kugusa hufungua lango la treni na hulipia basi pia. Gusa unapoingia, gusa unapotoka. Ukisahau kugusa unaposhuka kwenye basi, utakatwa nauli ya safari nzima ya basi hilo. Kadi za nje hutozwa ada ndogo kwa kila siku unayozitumia. Kama utakaa wiki, nunua kadi yao ya EZ-Link.

Saa 1 asubuhi: chai Tekka

Jua la Singapore huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 usiku, mwaka mzima, kwa sababu kisiwa kiko digrii 1 tu juu ya ikweta. Saa zao ziko 5 mbele ya zetu, basi ukifika jana yake mwili utakuwa ungali Dar es Salaam. Jilazimishe. Bustani hufunguliwa saa 2:30 asubuhi, na ile saa ya kwanza ndiyo tamu kuliko zote.

Nenda Tekka Centre, jengo la soko lililo kando ya kituo cha treni cha Little India. Chini kuna vibanda vya chakula, samaki na mboga vikiuzwa upande wa pili. Tafuta kibanda cha prata. Utamwona mpishi akirusha donge la unga hewani hadi liwe jembamba kama kitambaa, kisha analikunja na kulikaanga. Ukila utaijua: ni chapati ya kusukuma yenye matabaka, ila inaliwa na bakuli la mchuzi wa bizari wa kuchovya. Mbili zinatosha, au moja ya mayai.

Kuagiza chai na kahawa kuna lugha yake, na inafaa kuijifunza usiku kabla ya kulala. Ukisema *teh*, utaletewa chai yenye maziwa mazito ya kopo na sukari. *Teh-O* ni ya rangi, yenye sukari. *Teh-C* hutiwa maziwa mepesi ya kopo. Ukiongeza *kosong*, yaani tupu, hutawekewa sukari, na *siew dai* ni sukari kidogo. *Peng* ni ya barafu. Badala ya *teh* ukisema *kopi* unapata kahawa, kwa mpangilio uleule. Kwa asubuhi ya kwanza agiza *teh tarik*, chai ya kuvutwa: mwenye kibanda huimwaga kutoka kopo lililo juu hadi kopo lililo chini, mara kadhaa, mpaka itoe povu. Ni tamu mno kwa wengine. Kwetu tuliozoea chai ya maziwa ya kuchemshwa na sukari vijiko vitatu, ni nyumbani kabisa.

Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usiketi hapo. Mtu ameshika nafasi yake kwa pakiti hiyo, na wenyeji wote huiheshimu. Ukimaliza kula, rudisha sinia mwenyewe kwenye rafu. Tangu Septemba 2021 ni sharti la kisheria, na wakaidi hutozwa faini. Rafu ni mbili, ya halali na isiyo halali, tazama maandishi kabla ya kuweka.

Treni, kisha basi

Kutoka Little India panda mstari wa zambarau kituo kimoja tu hadi Dhoby Ghaut. Jina hilo lilinifurahisha kuliko yote kwenye ramani: ni dobi, dobi huyuhuyu wa kwetu, na neno la pili kwa Kihindi ni ngazi za kushukia mtoni. Wafua nguo wa Kihindi walifanyia kazi eneo hilo zamani. Hapo badili, uchukue mstari mwekundu wa kuelekea kaskazini, ubao ukiandika Jurong East. Hesabu vituo 10 na ushuke Khatib. Kutoka Khatib kuna basi maalumu la kwenda Mandai, zilipo bustani za wanyama, uwe na kadi mkononi. Ukilikosa au ukitaka basi la kawaida, shuka Ang Mo Kio, vituo viwili kabla ya Khatib, na upande namba 138 hadi mwisho wa njia. Tenga saa moja na robo kutoka Tekka hadi langoni.

Ndani ya treni usile wala usinywe, hata maji. Faini inaweza kufika dola 500. Duriani, lile tunda lenye harufu kali, nalo haliruhusiwi kuingia.

Ndani ya bustani

Bustani ya Wanyama ya Singapore ilifunguliwa 27 Juni 1973, kando ya bwawa la Upper Seletar, ndani ya msitu. Aliyeisukuma ni Ong Swee Law, mwenyekiti wa shirika la maji na umeme la wakati huo. Mabwawa yalikuwa chini ya shirika lake na ardhi ilikuwepo. Eneo ni hekta 26 na aina za wanyama zimepita 300. Kilichoitofautisha tangu mwanzo ni uchache wa vizimba vya nondo. Mitaro yenye maji, kingo za miamba na vioo ndivyo vinavyokutenga na mnyama, na mara nyingi mtaro umefichwa na majani, ukahisi hakuna kitu katikati yenu.

Anza na orangutani, sokwe wa Asia mwenye manyoya mekundu, ungali na nguvu na jua halijapanda. Jina lenyewe ni la Kimalei: *orang* ni mtu, *hutan* ni msitu. Mtu wa msituni. Hawa hawafungiwi. Wanapita juu ya kichwa chako kwa kamba na matawi, mama na mtoto kifuani, na unasikia jani likikatika kabla hujamwona. Kaa hapo. Watu wengi hupiga picha tatu wakaondoka. Mimi nilikaa karibu saa nzima, na ndipo nilipomwona mmoja akikunja jani kubwa na kulivaa kichwani mvua ya rasharasha ilipoanza. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Ah Meng, jike aliyeokolewa mwaka 1971 kutoka kwa familia iliyomfuga kinyume cha sheria. Alipokufa Februari 2008, maelfu ya watu walikuja kumuaga.

Kisha tafuta kima wa Borneo mwenye pua kubwa inayoning'inia. Dume ndiye mwenye pua hasa, na tumbo kama mtungi, kwa sababu hula majani na kuyachachua tumboni kama ng'ombe. Hutamwona porini popote nje ya kisiwa cha Borneo na visiwa vidogo vya jirani, wala katika bustani nyingi duniani. Baada yake nenda kwa tapiri wa Kimalei, mweusi mbele na miguuni, mweupe mgongoni hadi makalioni, kama aliyefungwa shuka kiunoni, na kwa joka la Komodo, kenge mkubwa kuliko kenge wote walio hai.

Ukumbi mkubwa wa wavu uitwao Fragile Forest upe nusu saa kamili. Ni msitu mdogo uliofunikwa, unatembea katikati ya vipepeo na lemuri wa Madagaska. Tazama juu: popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, wakila papai. Mpemba atacheka hapa, maana popo wa Pemba ni wa jamii hiyohiyo. Tazama na chini, kwenye vichaka, kwa subira: kuna mnyama kama paa, mdogo kupita kiasi, mwenye miguu kama penseli. Wamalei humwita *kancil*, na katika hadithi zao ndiye mjanja anayewashinda mamba na chui milia kwa akili. Ni sungura wa bibi zetu, kwa ngozi nyingine.

Sasa kuhusu eneo la Afrika. Twiga, pundamilia, faru mweupe, simba, wote wapo. Pita bila kusimama sana. Usitoe pesa ya ziada kumlisha twiga karoti wakati Nairobi kuna kituo cha twiga. Lakini nina sehemu mbili za kuvunja kanuni yangu. Ya kwanza ni mlima wa nyani wa Ethiopia, waliotengenezewa kipande cha Bonde la Ufa. Madume wana manyoya ya kijivu mabegani kama joho, na ugomvi wao wa ukoo hauishi. Ya pili ni fuko asiye na manyoya. Mnyama huyu ni wa kwetu, wa Kenya, Somalia na Ethiopia, na hakuna anayemwona nyumbani kwa sababu maisha yake yote yako chini ya ardhi. Hapa wanaishi kwenye mirija ya kioo. Wana malkia mmoja anayezaa, kama nyuki, na huweza kuishi zaidi ya miaka 30, jambo la ajabu kwa kiumbe wa ukubwa wa panya. Nilisafiri maelfu ya kilomita ili nimwone jirani yangu.

Mambo matatu ya kiutendaji. Chupa ya maji jaza kwenye bomba, maji ya Singapore ni salama kunywa. Mvua ya alasiri huja na radi nyingi na maonyesho husimamishwa, ndiyo maana nasisitiza asubuhi. Na nje ya maeneo ya bustani kuna kima wa porini wanaojua kabisa kwamba mfuko wa plastiki ni chakula, basi vitu vyako viwe ndani ya begi lililofungwa. Kuwalisha ni kosa la jinai.

Utaulizwa kuhusu Night Safari, bustani ya usiku iliyo jirani, iliyofunguliwa 1994 ikiwa ya kwanza ya aina yake duniani. Ni nzuri, lakini tiketi ni yake peke yake. Kwa mfuko wa msafiri wa begi, chagua moja, na mimi nachagua ya mchana.

Niseme hapa jambo linaloniuma. Ukiendelea na safari kwenda nchi nyingine za Asia, utakaribishwa mahali pa kupiga picha na mtoto wa chui milia mapajani, au kupanda tembo. Usiende. Mwaka 2016 serikali ya Thailand iliondoa zaidi ya chui milia 130 kwenye hekalu moja huko Kanchanaburi lililokuwa likipendwa sana na wasafiri, na ndani ya friza wakakuta makumi ya maiti za watoto wao. Mnyama mkali aliyetulia mikononi mwa wageni kutwa nzima ametulizwa kwa namna fulani. Mahali ambapo mnyama anaweza kukupa mgongo akaenda kujificha, hapo pana heshima kidogo.

Saa 8 mchana: wali wa nazi

Ndani ya bustani chakula kipo ila bei ni ya watalii. Vumilia. Rudi Khatib, panda mstari mwekundu kurudi kusini, shuka Bishan, badili kwenda mstari wa duara wa rangi ya chungwa na uhesabu vituo 3 hadi Botanic Gardens. Kwa miguu dakika 10 hivi unafika Adam Road Food Centre, kituo kidogo cha vyakula chenye umbo la duara.

Agiza *nasi lemak*. Ikifika, itazame kabla ya kula: wali uliopikwa kwa tui la nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai, na pilipili nyekundu ya kusaga iitwayo *sambal*, yenye utamu na ukali pamoja. Wali wa nazi na dagaa! Kilichozidi kwetu ni jani la *pandan* ndani ya sufuria. Huo mti ni ndugu wa mkadi wa pwani yetu, ambao maua yake wanawake wa Mombasa na Lamu hutumia kwa harufu. Kuku wa kukaanga au samaki huongezwa ukitaka. Dola 5 hadi 7 zinatosha. Baadhi ya vibanda vya Waislamu hupumzika Ijumaa, kwa hiyo siku nyingine ni salama zaidi.

Vituo hivi vina historia ambayo mmachinga yeyote wa Kariakoo ataielewa. Wauzaji walikuwa barabarani, na kuanzia miaka ya 1970 serikali iliwahamishia chini ya mapaa, wakapewa maji ya bomba na namba ya kibanda. Desemba 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi. Kwa hiyo ukila hapo hukujinyima chochote. Ndicho chakula chenyewe cha mji.

Ukishiba, vuka uingie Botanic Gardens, bustani ya mimea iliyoanza 1859, bure kuingia (sehemu ya okidi tu ndiyo yenye kiingilio). Tafuta mti mkubwa na ulale chini yake saa moja. Utahitaji.

Jioni: Kampong Glam

Kutoka kituo hichohicho cha Botanic Gardens, mstari wa buluu unakupeleka Bugis bila kubadili, kituo cha 5. Tembea kuelekea kuba la dhahabu la Masjid Sultan. Ukikaribia, angalia ule mkanda mweusi unaozunguka shingo ya kuba. Ni vitako vya chupa za kioo. Msikiti ulipojengwa upya, kazi iliyokamilika 1932, maskini wasiokuwa na fedha za kuchangia walileta chupa, na mjenzi akazipa nafasi ya juu kabisa. Wanaosali watapata magharibi hapa karibu saa 1 na dakika chache usiku.

Mkabala na msikiti, barabara ya North Bridge, kuna migahawa ya *murtabak*. Zam Zam inauza tangu 1908. Unga mwembamba kama wa prata, ndani nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukikunjwa mraba na kukaangwa. Aliyekula mkate mayai wa Mombasa au ile pizza ya Forodhani atamtambua ndugu yao mara moja. Wote wanatokana na *mutabbaq* ya Waarabu, iliyosafiri na merikebu pande zote mbili za bahari. Agiza ya kondoo, ndogo. Hata ndogo huwashinda wengi, basi mkiwa wawili gawaneni.

Sasa ulimi umeshika pa kushika, sogea. Jaribu *mee rebus*, tambi katika rojo zito la viazi vitamu. Jaribu *rendang*, nyama iliyopikwa na tui mpaka tui likauke na kubaki viungo vitupu. Mishikaki yao, *satay*, ni midogo kuliko yetu na huchovywa kwenye mchuzi wa karanga, na wali uliokandamizwa ukakatwa vipande pembeni. Ukitaka vya Kimalei zaidi siku nyingine, ghorofa ya juu ya soko la Geylang Serai, karibu na kituo cha Paya Lebar, ni hazina; fika kabla ya saa 12 jioni, vibanda vingi hufunga mapema.

Usiogope kuongea na wauzaji. Kimalei na Kiswahili vilikopa kwa wageni walewale, Waarabu na Wareno, ndiyo maana *meja* ni meza, *bendera* ni bendera, *sabun* ni sabuni, *nanas* ni nanasi. Ukimsalimu mzee wa kibanda kwa *apa khabar*, unamwuliza habari gani, na atakujibu *khabar baik*, habari njema. Mzee mmoja nilipomtajia maneno hayo alizima jiko kwanza, akavuta kiti, akaanza kunitajia mengine: *dunia*, *waktu*, *kertas*. Aliniongezea chai ambayo hakunitoza.

Hesabu

Kiingilio dola 50, nauli za siku nzima 7 hadi 9, prata na chai 5, chakula cha mchana na kinywaji 8, murtabak na cha kuonja 12. Jumla ni dola 80 na kitu, pamoja na basi la Mandai. Bila bustani, siku hiyohiyo ingekuwa chini ya 35, kwa hiyo siku zako nyingine mjini zitafidia. Treni za mwisho huondoka karibu saa 6 usiku, lakini kutoka Kampong Glam hadi Little India ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu, barabara zina taa, na maduka ya vitumbua vya Kihindi huwa yangali wazi njiani.